Mpaka Watoto wa Nyumbu Wabadilike Rangi

Ng'ombe wa shangazi yangu alikuwa mweupe mwenye mabaka mekundu shingoni, na hakuwa akiishi kwetu Karatu. Aliishi kwa Mmasai mmoja upande wa Endulen, mwendo wa kupita msituni na kulala njiani. Kwetu sisi Wairaqw hilo halikuwa jambo geni. Mtu makini hakuweka ng'ombe wake wote katika zizi moja. Mmoja alikuwa bondeni kwa rafiki, mwingine mlimani kwa mkwe, ili ugonjwa ukipita huku ukose wale wa kule, na ili majirani wasijue hasa una mali kiasi gani. Aliyetunza alikunywa maziwa. Ndama walikuwa wa mwenye ng'ombe.

Mume wa shangazi alipofariki, ng'ombe wengine waliisha mmoja baada ya mwingine: msibani, kiangazini, kwenye mahitaji ya watoto. Akabaki huyo wa Endulen. Mwaka mmoja, miaka ya sabini ikielekea ukingoni, zilimfikia habari mnadani kwamba amezaa jike. Shangazi akaamua kuwarudisha nyumbani wote wawili, mama na mtoto. Alikuwa na watoto wa kunywesha maziwa ya kibuyu na shamba lililochoka linalotaka samadi. Aliniita mimi nimsindikize kwa kuwa nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, sina kazi, na miguu yangu haikujua kutulia. Haijajua hata leo. Nimelala Malambo, nimelala Nainokanoka, nimelala miji ambayo hata jina lake silipendi, na kila nikilala pagumu mawazo yangu hurudi kule juu Endulen.

Tulifika mvua za mwanzo zikiwa zimeshaotesha majani. Mwenyeji wetu alikuwa mtu mrefu wa makamo, mkimya, mwenye kikopo cha ugoro kilichoning'inia shingoni. Yeye na marehemu waliitana ndugu, kwa hiyo yeye na shangazi waliitana shemeji, wakitaniana kwa Kiswahili ambacho hakikuwa cha mama wa yeyote kati yao. Shangazi alimkagua ng'ombe wake tangu pembe hadi kwato, akampapasa ndama, akaridhika. Ndama alikuwa mdogo mno kuvuka msitu wenye nyati. Ilibidi asubiriwe hadi akomae miguu.

Asubuhi iliyofuata mwenyeji alitupeleka kwenye ukingo wa mlima, mahali ardhi inapoanguka kuelekea mbugani, akasema tutazame.

Kwanza niliona kivuli cha wingu. Kilifunika nyika yote hadi mahali macho yanapochoka. Nikatazama juu kutafuta wingu lenyewe. Mbingu ilikuwa safi. Nilipotazama tena chini nikaona kwamba kile kivuli kinatembea, na kwamba kinatembea kila upande kwa wakati mmoja, na ndipo sauti yao iliponifikia, mgumio kama wa kanisa lililojaa watu wanaoomba kwa sauti ya chini. Walikuwa nyumbu. Shuleni nilikuwa nimechora mishale kwenye daftari, kutoka majani kwenda kwa swala, kutoka kwa swala kwenda kwa simba, nikapata vema. Hakuna aliyeniambia kwamba ule mshale ukiuona kwa macho unaweza kukosa pumzi.

Tuliteremka kidogo, sisi watatu tu, bila ng'ombe. Nyumbu mmoja jike alilala, akainuka, akalala tena, na mtoto akadondoka, ameloa, rangi yake kama mchanga. Mwenyeji alikuwa amefungua kikopo chake. Kabla hajamaliza kunusa ugoro wake yule mtoto alikuwa ameanguka mara kadhaa, amesimama, na anakimbia ubavuni mwa mama yake. Fisi mmoja alilala karibu hapo, tumbo limevimba, akamwangalia mtoto akipita kama mtu aliyeshiba harusini anavyoangalia sinia jingine. Nilimuuliza mwenyeji kwa nini hamkamati.

"Wanazaa wote pamoja," alisema. "Fisi ana tumbo moja tu."

Niliona mengi siku ile ambayo sijamaliza kuyashangaa. Pundamilia walitangulia wakila mabua marefu, nyumbu wakifuata wakila majani yaliyobaki chini yake, swala nyuma yao wakiokota machipukizi. Mende walisukuma mavi kwenda kuyafukia, wengi kiasi kwamba udongo ulionekana kuchemka. Korongo walitembea kati ya miguu ya wanyama wakidona wadudu. Hakuna aliyeonekana kumjali mwenzake, na kila mmoja alikuwa akila kwa sababu ya mwingine.

Shangazi yeye aliona majani. Alikuwa mkulima, na macho ya mkulima yakiona kijani hayaoni kitu kingine. Aliinama akang'oa kitawi, akakitafuna, akakisifu. Majani mafupi, laini, yenye chumvichumvi, aina ambayo kwetu ingelindwa kwa fimbo. Na huko juu mwenyeji alikuwa akijiandaa kuhamisha ng'ombe wake wote, na wa shangazi pamoja nao, kupanda zaidi, karibu na msitu, kwenye majani marefu makavu yanayofika kiunoni. Nilimwona shangazi akihesabu akilini kisha akimgeukia.

"Shemeji, una chakula cha ng'ombe wa wilaya nzima hapa, unampeleka wangu akale mafagio? Au unaogopa pembe za hawa?"

Mwenyeji alicheka kidogo. Alisema pembe haogopi, na simba haogopi sana. Anachoogopa ni uzazi. Nyumbu akizaa, alisema, anaacha pale kitu kinachoua ng'ombe. Yeye alifundishwa kwamba kiko kwenye kondo la nyuma. Kaka yake alishikilia kwamba kiko kwenye manyoya laini ambayo mtoto huyapukutisha anapokua. Walikuwa wamebishana jambo hilo tangu ujana na hakuna aliyeshinda. Walichokubaliana ni muda: ng'ombe hashuki mpaka watoto wa nyumbu waache rangi ya mchanga na kuwa weusi kama mama zao.

Shangazi hakuridhika. Alisema huko juu ameona kupe, na kweli walikuwepo. Kwenye masikio ya ndama wake walikuwa wameng'ang'ania kama punje za mbaazi. Zamani, mwenyeji alikiri, wangeyachoma majani yale na kupe wangeungua nayo, lakini kuchoma kulikuwa kumekatazwa. Na zamani wasingelazimika kukaa huko muda mrefu, kwani nyumbu walikuwa wachache. Alipokuwa kijana ugonjwa wa sotoka uliua ng'ombe na nyumbu kwa pamoja. Kisha serikali ikaleta sindano, ng'ombe wakachanjwa, sotoka ikaisha. Nyumbu hawakuchanjwa hata mmoja, lakini ugonjwa ulipokosa ng'ombe wa kukaa ndani yake, uliwaacha na wao pia. Tangu hapo wameongezeka kila mwaka. Aliionyesha ile nyika nyeusi kwa fimbo yake. Sindano ya ng'ombe wake ndiyo iliyozaa wote wale, na sasa walikuwa wamemfukuza kwenye majani yake.

Nilikaa chini juu ya jiwe nikijaribu kulifuata wazo lile hadi mwisho wake. Shangazi hakukaa. Kwake swali lilikuwa moja: ng'ombe wake na yule ndama watapona wapi?

"Niambie bila kuzunguka," alisema. "Chini au juu?"

"Kupe anaua mtoto. Nyumbu anaua mama," mwenyeji akamjibu. "Ng'ombe ni wako. Sema wewe."

Shangazi alirudia kuhesabu akilini. Ndama ndiye aliyemleta. Ndama jike ndiye ng'ombe wa kesho. Lakini mama akifa, nani atamnyonyesha huyo wa kesho? Hatimaye alifunga khanga yake upya kiunoni na kusema wapande.

Msimu wa kupanda mahindi ulikuwa umewadia, hivyo shangazi akarudi Karatu, akaniacha nibaki na ng'ombe hadi mvua za masika zikielekea kuisha. Aliniagiza nimtoe ndama kupe kila asubuhi. Nilifanya hivyo. Kulikuwa na baridi huko juu, ukungu ukishuka kutoka msituni hadi mchana, na majani marefu yakitulowesha mpaka mapajani. Nilimtoa ndama kupe masikioni, chini ya mkia, kwapani, nikawaponda juu ya jiwe, na jioni alirudi na wengine. Nilianza kuwaona kwenye kila jani, wadogo kama vumbi, wamejipanga nchani na miguu ya mbele wameinyoosha hewani, wanasubiri. Walisubiri bila chakula, bila kusogea. Hata katika chuki yangu nilishindwa kutowastahi.

Jirani mmoja wa mwenyeji hakuweza kuvumilia. Ndama zake walikuwa wameanza kukohoa, naye akasema kheri nyumbu, akashusha ng'ombe wake mbugani. Kwa muda walinawiri hadi tukamwonea wivu, na mimi nikaanza kuwaza jinsi nitakavyomweleza shangazi. Kisha wiki zikapita, ng'ombe zake wakaanza kusimama peke yao kivulini, wakitokwa na makamasi, macho yamefunikwa na ukungu mweupe kama maziwa. Mmoja alinitazama nilipopita. Sidhani kama aliniona. Wakubwa wenye maziwa ndio waliokwenda kwanza.

Wa kwetu hawakupata hilo. Ila ndama wa shangazi alivimba tezi chini ya sikio, akaacha kunyonya, na pumzi yake ikawa kama ya mtu anayepanda mlima. Ilikuwa ndigana, homa inayoletwa na kupe. Mwenyeji alimlaza karibu na moto na kumnywesha dawa ya magome, na akanieleza kwamba akipona hii hataipata tena maisha yake yote. Ng'ombe wake wazima wote waliwahi kupita hapo. Huyu hakupita. Mwenyeji alimchuna ngozi, akaijaza majani makavu, na kila asubuhi tukamwekea mama yake mbele, naye akailamba mgongoni huku maziwa yakishuka. Alilamba pale pale nilipokuwa nikimtoa kupe.

Shangazi aliporudi aliiona ile ngozi kabla hajaniona mimi. Alimshika ng'ombe wake shingoni, akasimama naye hivyo, kisha akauliza mahindi ya majirani yameendeleaje. Alikuwa amesahau kwamba huko hakuna mahindi. Nilimsimulia habari za yule jirani aliyeshusha ng'ombe mbugani. Alisikiliza huku akimkuna ng'ombe kati ya pembe.

Siku chache baadaye mwenyeji alitoka ukingoni akasema wakati umefika. Tuliteremka pamoja na ng'ombe wote. Nyumbu walikuwa wanaondoka, wamejipanga safu ndefu kuelekea machweo, wengine bado wakipita karibu nasi. Nilitafuta watoto wenye rangi ya mchanga sikuwaona. Walikuwa weusi wote, na pembe zimeanza kuchomoza. Pale walipokuwa wamekula hadi kwenye udongo palikuwa pameota tena, pafupi na pabichi, juu ya samadi iliyofukiwa na mende. Ng'ombe wa shangazi aliinamisha kichwa na hakukiinua tena.

Shangazi aliwatazama wale watoto wakipita. Nilitegemea awalaani.

"Wamemla ndama wangu," alisema taratibu, "na hata hawakuwahi kumwona."

Hakuna chuki iliyokuwa katika sauti yake. Alisema kama mtu aliyeonyeshwa kitu kikubwa kuliko shamba lake, na anajaribu kukipima kwa kipimo pekee alicho nacho.

Sasa hakukuwa na ndama wa kusubiri. Ng'ombe mzima angeweza kuvuka msitu kesho yake, na nilikuwa nimeshasokota kamba. Shangazi aliitazama kamba, akaangalia ng'ombe alivyokuwa akila, akamwambia mwenyeji kwamba atamwacha hadi azae tena.

"Lakini wakija kuzaa hawa wenzetu, usinisubiri wala usiniulize," alisema. "Mpandishe."

"Na kupe?"

"Kupe nitagombana nao nikifika."

Tulirudi Karatu mikono mitupu. Miaka iliyofuata, mvua za mwanzo wa mwaka zikishika, shangazi alikuwa akienda mnadani hata kama hana cha kuuza. Aliwatafuta Wamasai waliotoka upande wa Endulen, akawasalimu, akauliza hali za wazee na watoto. Nilidhani atauliza habari za ng'ombe wake. Aliuliza hilo mwishoni. Kwanza aliuliza kama wale watoto wa kule mbugani wameshakuwa weusi.