Mmea wa Bwawani Uliopandishwa Kilimani

Wifi yangu anaitwa Mama Gundi. Jina alilopewa na wazazi wake lipo, linatumika benki na hospitali. Kwingine kote ni Mama Gundi, na hata kaka yake, ambaye ndiye mume wangu, humwita hivyo akiwa na shida naye. Kazi yake kwa miaka ishirini na tisa, katika taasisi ya utafiti wa mimea, ilikuwa kubandika mimea iliyokaushwa juu ya karatasi ngumu. Ukimwambia mtu hivyo atakuuliza, halafu? Hakuna halafu. Anabandika, anaandika, anapanga kabatini, anashika mwingine.

Mimi nilikuwa taasisi hiyohiyo, upande wa vikombe na sakafu. Niliishia darasa la saba. Lakini ukihudumia chumba cha mikutano miaka kumi na sita, huku wakubwa wanazungumza kana kwamba wewe ni pazia, utahitimu tu, hata kama joho hawakupi.

Taasisi yetu ilikuwa na jarida lake la sayansi ya mimea, likitoka mara mbili kwa mwaka. Humo ndani utakuta magugu yanayonyonya mazao, ukungu wa majani, mbegu zilizogoma kuota, mimea inayovumilia ukame, na mimea iliyobadilishiwa majina bila yenyewe kuulizwa. Mhariri alikuwa profesa mmoja mwembamba tuliyemwita Nukta, kwa sababu hata ukimwandikia kikaratasi cha kuomba sukari ya ofisi, atakirudisha na nukta ameiongeza.

Sasa, majarida haya hupimwa, kama watoto wa kliniki. Wanachukua makala ulizotoa miaka miwili iliyopita, wanahesabu mwaka huu zimetajwa mara ngapi katika makala za watu wengine, kisha wanagawanya kwa idadi ya makala zako. Jarida letu lilikuwa na makala arobaini, na dunia nzima ilizitaja mara kumi na sita. Hiyo ni sifuri nukta nne. Kamati ya taasisi ikasema jarida lisilofika moja halina sababu ya kusimama peke yake, na kwamba hesabu ijayo isipofika, letu litaunganishwa na lile la mifugo. Nukta akaacha kula mchana. Nilijua kwa sababu sahani nilikuwa naosha mimi.

Aliyetuokoa, au tuseme aliyedhaniwa kutuokoa, ni mtafiti tuliyemwita Daktari Magugu. Siku moja alikuwa anapekua makabati ya Mama Gundi akakuta karatasi yenye mmea unaojulikana kukua bwawani tu, miguu ndani ya maji mwaka mzima. Lebo yake ilisema umechumwa juu ya kilima cha mawe, pakavu, mahali ambapo hata mbuzi hupanda kwa kufikiri mara mbili. Daktari akaruka. Akakata kipande cha jani, akakiweka chini ya hadubini, akatafuta kinachouwezesha mmea huo kuhimili ukame. Na mtu akitafuta hakosi. Aliona nta. Akaandika makala ya kurasa kumi na mbili kuhusu nta.

Mwaka uliofuata makala hiyo ilitajwa mara thelathini na saba. Jarida likafika hamsini na mbili kwa arobaini, yaani moja nukta tatu. Kila nilipoingia na birika, Nukta alikuwa anawasomea watu makala hiyo imetajwa wapi. Nami nikasikia kitu ambacho wenzangu wenye shahada walikuwa wanakipita kama shimo lililozoeleka barabarani. Wale sita wa kwanza walimsifu Daktari. Waliobaki wote walikuwa wanasema tulijaribu kuotesha mmea huu mahali pakavu, kama alivyoeleza Daktari fulani, ukafa. Mwingine, ukafa. Mwingine ameuwekea na kivuli, ukafa pia. Nikamuuliza Nukta, je, na hizo zinahesabiwa? Akaniambia kwa utulivu kwamba anayehesabu haangalii umetajwa kwa wema au kwa ubaya, anaangalia umetajwa. Kwa hiyo kila mche uliokauka huko duniani ulikuwa unatuongezea alama.

Kamati ilikuwa ikae baada ya siku tisa. Nukta akataka picha ya ile karatasi, itundikwe ukumbini siku hiyo ili wajumbe waione kwa macho. Akamwomba Mama Gundi aitoe kabatini na kuifuta vumbi. Hapo ndipo mambo yalipoanza.

Aliniita nikamkuta amekaa, naye si mtu wa kukaa. Mbele yake karatasi mbili. Akaniambia nitazame mizizi. Nikamwambia mimi mizizi naijua ya mhogo tu. Akanivalisha miwani yake kwa nguvu, kama mama anavyomvalisha mtoto kofia. Kwenye mizizi ya ule mmea maarufu palikuwa na tope jeusi limegandia. Kile kilima, akasema, hakina tope jeusi, kina mwamba na vumbi jekundu. Vumbi jekundu lilikuwa kwenye karatasi ya pili, kwenye mizizi ya jani moja la kawaida ambalo lebo yake ilisema limetoka bwawani.

Mchumaji wa mimea ile alileta mizigo yote miwili mchana mmoja, kutoka bwawani na kutoka kilimani. Mimea mibichi hubanwa katikati ya magazeti, na kila asubuhi magazeti yaliyolowa hubadilishwa ili isiote ukungu. Lebo ni kikaratasi tu kinachosafiri na mmea wake, hakijabandikwa bado. Sheria ya Mama Gundi ni moja: lebo inatangulia, mmea unafuata, na hugusi wa pili kabla hujamaliza wa kwanza. Miaka ishirini na tisa. Isipokuwa asubuhi moja.

Asubuhi hiyo mimi niliingia kumshtakia kaka yake, aliyekuwa amemwazima rafiki yake cherehani yangu bila kuniuliza. Mama Gundi alinisikiliza amesimama, lebo moja mkono wa kulia, nyingine wa kushoto. Nilipomaliza, akazirudisha.

"Ulikuwa unalia," akaniambia sasa, mbele ya zile karatasi mbili.

"Nilikuwa naeleza."

"Ulikuwa unaeleza kwa machozi, wifi. Nikaweka mikono kifuani kukuonea huruma. Nilipoishusha sijui ipi ilikuwa ipi."

Ushauri wangu ulikuwa mfupi: nyamaza. Hakuna aliyekufa ila miche. Karatasi irudi kabatini, kamati ikae, jarida lipone, na yeye alibakiza mwaka mmoja astaafu. Nilimwambia pia, na sioni haya kukiri, kwamba ukweli usioulizwa haujibiwi. Akaniangalia kama anavyoangalia gundi iliyotiwa maji.

Shida yake haikuwa jarida. Kwenye makabati yale palikuwa na karatasi elfu kumi na moja, karibu zote zimepita mikononi mwake. Mama Gundi hakujaliwa mtoto, na mume wake alifariki mapema. Akisema hii moja nimeikosea, mtu yeyote mwenye akili atauliza, na zile elfu kumi na moja? Hawezi kuapa. Hakuna kiapo cha karatasi. Watasema kazi yote ya maisha yake ni ya kutiliwa shaka, na yeye ataondoka mlangoni na mkoba wake, ameacha nyuma makabati ambayo hakuna anayeyaamini. Aliniambia hayo huku ananyoosha ncha ya jani lililokuwa limenyooka tayari. Nikatoka nikapige deki.

Siku mbili alibandika kama kawaida. Siku ya tatu, saa ya chai, Nukta aliingia na barua mkononi, amechangamka. Imetoka kwa mtafiti mmoja, mwanamke, wa nchi ya mbali. Amepanda miche mia nne ya ule mmea kwenye mteremko mkavu, misimu mitatu mfululizo, na wasichana wawili wa kumsaidia kumwagilia. Yote imekufa. Anaandaa makala na atatutaja, hiyo itakuwa ya thelathini na nane. Lakini kabla hajaandika anaomba kwa heshima aelezwe, yeye anakosea wapi.

Mama Gundi akaweka kikombe chini.

"Hakosei. Nimekosea mimi," akasema.

Akaeleza yote, tope, vumbi, magazeti. Cherehani hakuitaja. Alisema tu kwamba alikatizwa, na mimi nikajikuta nafuta meza iliyokuwa safi. Daktari Magugu alisema nta aliiona kwa macho yake. Mama Gundi akamjibu kwamba hakatai, hata majani ya bwawani yana nta, ndiyo maana maji hayayaozeshi. Ila angependa kujua kama Daktari aliwahi kufika kilimani. Daktari akasema barabara ilikuwa mbaya. Kurasa kumi na mbili, na mguu wake haukugusa jiwe.

Nukta hakukasirika. Afadhali angekasirika. Alimwomba kwa sauti ya chini asubiri siku sita tu, kamati ikae kwanza, kisha wataangalia namna nzuri ya kulisema. Mama Gundi akainuka, akashukuru kwa chai, akateremka kwenye chumba chake. Baada ya saa moja Nukta alimfuata kumbembeleza zaidi, nami nikafuata na fagio, kwa sababu ngazi zilikuwa zinahitaji kufagiwa.

Kwenye makabati yale lebo ya zamani haing'olewi hata kama imekosea. Unaandika mpya, unaweka jina lako na tarehe, unaibandika pembeni ya ile ya zamani, ili wajao waone nani alisema nini na lini. Tulimkuta ameshabandika. Karatasi mbili zilikuwa mezani zimegandamizwa na tofali lililozungushiwa kitambaa, na juu ya kila moja kuna lebo mpya yenye jina lake kamili, lile la benki na hospitali.

Nukta aliinama, akaigusa ncha ya lebo kwa ukucha. Halafu akasema, "Si inaweza kubanduka?"

"Gundi yangu?" akauliza Mama Gundi.

Nukta akatoka. Ni mtu mwema, nataka hilo lieleweke. Alikwenda akaandika barua ya kumjibu yule mwanamke wa miche mia nne kwanza, kabla ya kuiandikia kamati.

Habari za jarida nizimalize hapahapa, maana ni fupi. Lilichapisha sahihisho la nusu ukurasa, na mwandishi wake ni wifi yangu, mwenye cheti kimoja cha ufundi na miwani miwili. Ile moja nukta tatu ilibaki kama ilivyo, kwa kuwa kilichohesabiwa kimehesabiwa. Mwaka wa pili tukarudi sifuri nukta tano, tukaunganishwa na mifugo. Sasa jarida linatoka na ng'ombe kwenye jalada, anakula majani, na Nukta anasema angalau mmea upo kwenye picha.

Lakini hilo lilikuwa la baadaye. Kamati ilipokaa, ilisema lile alilolitabiri Mama Gundi. Ikateua wakaguzi watatu kutoka nje, waje wachague karatasi mia mbili wapendavyo wao, wazilinganishe na daftari za wachumaji, udongo wa mizizi, tarehe, kila kitu. Makosa yakizidi matano, makabati yatafungwa, hakuna mtafiti atakayeruhusiwa kuyatumia mpaka yahakikiwe upya yote. Na kila mtu alijua hakuna atakayehakiki karatasi elfu kumi na moja. Kufungwa kungekuwa ndiyo mwisho.

Wakaguzi walikaa siku tatu. Mama Gundi hakuruhusiwa kuingia, kwa hiyo alikaa kwenye benchi la korido, koti lake la kazi limepigwa pasi, mikono magotini. Nilimpelekea chai, ikapoa. Nikampelekea nyingine. Nilimwambia chai ya serikali haimwagwi namna hii, akanywa funda moja kwa ajili ya serikali. Siku ya pili kaka yake alipita kumwona, akakaa naye saa nzima, kisha akaniuliza mimi pembeni ni kosa gani hasa. Nikamwambia amwulize aliyeazimisha cherehani yangu. Hakuelewa, nami sikumsaidia.

Mkaguzi mkuu alikuwa mama mnene, miwani yake imefungwa uzi shingoni, na hakuwa na tabasamu la bure. Siku ya tatu, saa tisa, alifungua mlango. Mama Gundi akasimama. Mimi nilikuwa na fagio, nikaacha kufagia. Sakafu haina haraka.

"Mia mbili," akasema yule mama. "Tumekuta moja haina tarehe. Mwandiko si wako."

Mama Gundi akauliza namba. Akatajiwa. Akasema ni ya mtangulizi wake, mzee aliyekuwa anaona kwa jicho moja, na tarehe hiyo imo kwenye daftari la kijani, rafu ya juu, kama walikuwa hawajafika rafu ya juu. Mkaguzi alimwangalia kidogo, akasema kwamba hawakufika. Akampa mkono, na akasogea ili apite.

Nilidhani sasa atalia, nikajiandaa, kwa sababu deni la machozi nilikuwa nalo mimi. Aliingia chumbani akasimama katikati. Wakaguzi walikuwa wameacha karatasi mia mbili mezani, vitini, nyingine dirishani juani, mikoba yao tayari mabegani. Akatoa zile za dirishani kwanza. Akavua saa yake, akakunja mikono ya koti.

"Kabla hamjaondoka," akawaambia, "kila moja irudi ilipotoka. Lebo juu. Moja moja."

Wakashusha mikoba. Walitoka saa kumi na moja na nusu, na yule mkaguzi mkuu alirudishwa mara mbili, kwa kuweka karatasi pasipo pake.