Alama Nyekundu

Baba yangu alikuwa karani wa mahakama kwa miaka thelathini, akiandika uongo wa watu kwa mwandiko mzuri. Alipostaafu hakumwamini hata muuza maziwa. Alichopenda ni redio za kabati, zile za zamani zenye gramafoni chini ya kifuniko na mbao za kung'aa. Alikuwa nazo nne sebuleni, nasi wengine tukawa tunapita upande upande kama kaa.

Ya nadra kuliko zote ilikuwa ile kubwa ya milango miwili, aliyoinunua kwa jaji mmoja aliyekuwa anahama. Mama aliipangusa vumbi kila siku mpaka alipofariki. Mwaka huohuo ikaanza kukwaruza, na baba akakosa usingizi.

Mjini alibaki mtu mmoja tu aliyejua redio za taa, zile chupa ndogo za kioo zinazowaka ndani: mzee mpole tuliyemwita Fundi Taratibu. Baba alimhitaji na kumshuku kwa kiasi kilekile. Aliwahi kusikia kwamba mafundi huchomoa taa nzima na kupachika chakavu. Basi akachukua rangi yangu ya kucha bila kuniomba, akatia nukta nyekundu chini ya kila taa, kisha akamkabidhi fundi kabati huku akitabasamu. Tabasamu lile lilinitia aibu.

Fundi aliirudisha redio mwenyewe, ikaimba vizuri hata nikasahau nilichokuwa nafanya jikoni. Baba hakusikiliza. Aliizima, akangoja taa zipoe, akazichomoa zote saba na kuzigeuza. Hapakuwa na nukta hata moja.

"Taa zangu ziko wapi?" akauliza.

Fundi hakuelewa. Alipoelezwa habari ya alama, alitoa mfukoni kitambaa chake cha kazi. Kilikuwa na madoa mekundu.

"Nilidhani ni uchafu, mzee mwenzangu. Mimi kila taa naifuta kwa spiriti kabla ya kuirudisha. Ndivyo nilivyofundishwa."

Baba akasema kitambaa si ushahidi, madoa mtu yeyote anaweza kuyapaka. Fundi akakikunja, akakusanya bisibisi zake, akaniaga mimi peke yangu. Nilimkasirikia baba siku ile kuliko siku nyingine yoyote.

Mwaka uliofuata taa mbili ziliungua, na hapakuwa na wa kumwita. Nilimsihi akaombe radhi, akanijibu kwamba uchunguzi bado haujakamilika. Kila alasiri alilipangusa vumbi kabati lile bubu kama alivyofanya mama, kisha akakaa mbele yake.

Ndipo binti wa fundi akaja na mkebe wa biskuti. Baba yake alikuwa amezikwa wiki mbili nyuma, na aliacha maagizo mkebe ufike kwetu. Ndani mlikuwa na taa saba za akiba, kila moja imefungwa kwa gazeti. Baba alifungua ya kwanza, akaigeuza kwa mazoea. Chini palikuwa na nukta nyekundu. Ya pili vilevile.

"Hii rangi ni yako?" akaniuliza. Nikamwambia yangu ilikwisha zamani.

"Ni yangu," binti akasema. "Baba aliniomba. Alisema kwenu ndivyo mnavyozitambua."

Baba akaendelea kuzifungua na kuzigeuza hadi ya saba. Kisha akamwuliza binti kaburi liko wapi, nami nikaenda kumletea viatu.