Mwalimu wa Kabiria na Riwaya Isiyo na Mbele Wala Nyuma

Saa nane mchana, Jumamosi, katika ukumbi wa kanisa mtaani Kabiria, wanafunzi watatu wanasimama mbele ya darasa. Mmoja anasoma yaliyotokea jana, wa pili yanayotokea sasa, wa tatu hofu ya kesho. Sauti zao zinapishana. Mwalimu wao, Ivyne Ajwang, anasikiliza akiwa amefumba macho.

Ajwang, 41, huwafundisha fasihi watu wazima waliokatiza masomo: yaya, bawabu, mafundi. Riwaya anayoipenda ni *Benchi la Tatu* ya marehemu Hemed Bwanakai. Ndani yake, mtu anasubiri habari za mkewe hospitalini huku mawazo yakimruka huku na kule, bila sura wala mpangilio.

Mwaka jana riwaya hiyo nusura ivunje darasa.

"Watu walianza kutoroka. Msimamizi wa masomo haya akaniambia nitafute kitabu chepesi," anasema.

Wa kwanza kuondoka alikuwa Sammy Odhiambo, mwashi. Ajwang alimfuata hadi kwenye mjengo alikofanya kazi, mtaani Hurlingham.

"Mwalimu, hiyo kitabu haina mbele wala nyuma," Odhiambo alimwambia. "Nitoke kazi nimechoka, halafu nisome mtu mwenye hata hajui ako wapi?"

Ajwang hakubishana naye. Alimuuliza kuhusu jambo aliloligusia siku moja darasani: siku aliyopigiwa simu kwamba ndugu yake mkubwa ameanguka kutoka ghorofani na kufa. Je, siku hiyo aliwaza kwa mpangilio?

Odhiambo anaikumbuka siku hiyo ya simu.

"Nilikuwa stejini nikingoja matatu. Mara naona tukiwa watoto, tunachunga ng'ombe. Mara naona jeneza. Mara najiuliza kama nilifunga mlango. Nikajua huyo mwandishi hakuwa anatuchezea."

Jumamosi iliyofuata alirudi, na ndiye aliyependekeza kila wazo la yule mtu lisomwe na msomaji wake. Wengine walisikia, wakaanza kurejea mmoja mmoja. Msimamizi hakukitaja tena kitabu chepesi.

"Watu hudhani riwaya hii ni ya maprofesa," anasema Ajwang. "Ni ya yeyote aliyewahi kusubiri habari mbaya."

Sasa wanafunzi wanaandika visa vyao kwa mtindo huo. Ajwang anatafuta ukumbi katikati ya jiji, ili Desemba wavisome mbele ya familia zao. Odhiambo anaandika kuhusu ndugu yake.

"Mama atakuja kutoka Siaya," anasema. "Tangu tumzike ndugu yangu, hajawahi kunisikia nikimtaja."