Mvua ya Mzee Obure

Chelimo alikuwa karani wa takwimu katika kiwanda kimoja cha majani chai karibu na Ndanai. Mwezi Mei meneja wake, Bwana Arasa, alimwomba apime kama mvua inaweza kutabiri kilo za majani mabichi.

Alichukua rejista ya mvua ya miaka tisa, akaweka kila mwezi kama nukta moja kwenye grafu. Nukta zikitawanyika, mvua haitabiri kitu. Zikikaribia mstari, inatabiri vizuri. Hizi zilijipanga kama siafu. Kipimo kikasema mvua inaeleza asilimia tisini na tisa ya kupanda na kushuka kwa majani.

Alifurahi kwa muda mfupi tu, kisha akaanza kujiuliza. Mbolea iliyochelewa je? Mvua ya mawe je? Hata mwezi mmoja wachumaji walipogoma na kilo zikaanguka, mvua nayo ilipungua kwenye rejista. Tangu lini mawingu yakagoma?

Akaenda nyuma ya stoo kukagua kipima mvua. Mdomo wake ulizibwa na kiota cha nyigu. Ndani kulikuwa na maji meusi yenye ute, na chura aliyeoza. Chelimo alitema mate mara mbili.

Mzee Obure, aliyekuwa akipima mvua na kujaza rejista, tena mzee wa kanisa, alikuwa stoo akinywa chai.

"Mzee, hii chombo ulifungua lini mara ya mwisho?"

"Kwani iko shida, mama? Mwisho wa mwezi naangalia kilo, naandika mvua. Majani ikiwa mingi, si ni mvua ilinyesha?" Akacheka, akamsukumia kikombe. Chelimo hakukigusa.

Ofisini, Arasa alimsikiliza huku macho yake yakiwa kwenye grafu. "Lakini imetoka safi sana. Wakubwa watapenda."

"Bosi, hapo ni kilo zinatabiri kilo. Mvua haiko."

"Wacha niifikirie."

Jumatatu Chelimo aliikuta grafu ukutani, imechapishwa kwa rangi, jina lake chini. Alirarua kipande chenye jina, akakitupa chooni.

Kisha akavaa glavu, akasafisha kipima mvua mwenyewe, akaanza kukisoma kila asubuhi. Kufikia Desemba alikuwa na nukta saba, zimetawanyika vibaya. Arasa hajawahi kuziulizia. Rejista inayotumwa kwa wakubwa bado ni ya Obure.