Saa Sita na Dakika Arobaini na Tano

Kilichoninyima usingizi wiki ile ni swali moja dogo ambalo sikuthubutu kumwuliza mtu yeyote: je, babu yangu alitudanganya?

Hadithi yake ya ndege niliikuta nilipozaliwa. Babu ni mkulima wa kabichi na karoti huko Mgeta, na katika maisha yake yote amepanda ndege mara moja tu, akiwa kijana. Alikuwa mpishi wa bwana shamba mmoja. Bwana shamba akahamishiwa Iringa, akakatiwa tiketi mbili za ndege kutoka Dar es Salaam, yake na ya mkewe. Mke akaitazama ndege pale uwanjani, akaona jinsi pangaboi zake mbili zilivyotikisika, akasema yeye atakwenda kwa basi hata kama ni siku tatu. Kiti kikabaki. Babu akapanda na tiketi ya mwanamke.

Ndege yenyewe ilikuwa Dakota, zile za zamani ambazo zikiwa chini hukaa kama chura, pua juu na mkia umegusa ardhi. Babu aliketi upande wa kulia. Na kila alipofika hapa katika hadithi alipunguza sauti: "Tulipoipita milima nikachungulia dirishani, nikaiona Mgeta yote. Nusu jua, nusu kivuli. Upande wa misheni kweupe, upande wa kwetu kweusi."

Ana mtani wake, mzee wa rika lake, jirani tangu ujana, ambaye hajawahi kuikubali sentensi hiyo. Humwita babu "Bibi Shamba", kwa sababu ya ile tiketi. "Bibi Shamba," husema, hata mbele ya watu wakitoka kanisani, "wewe ulilala mdomo wazi mpaka Iringa. Mgeta uliiota."

Sisi wajukuu tulicheka, na babu alicheka pia. Lakini nilipokua niligundua kwamba yeye ndiye aliyeacha kucheka mapema kuliko sisi.

Mwaka huu macho yake yameingia ukungu, yote mawili. Mtoto wa jicho. Akapangiwa upasuaji hapa Morogoro mjini, siku ya Alhamisi. Wiki moja kabla akanipigia simu.

"Mchumba," ndivyo anavyoniita tangu nikiwa na miaka mitatu, "nasikia una ndege kwenye kompyuta."

"Ni mchezo tu, babu. Programu ya kujifunzia kurusha."

"Ina Dakota?"

"Inayo."

"Na milima yetu?"

"Ipo."

"Basi nataka niione tena ile safari kabla hawajanigusa macho. Maana kisu ni kisu, huwezi kujua. Na huyu mtani wangu mshenzi namleta ashuhudie."

Nikasema sawa. Simu ilipokatika ndipo moyo ulipoanza kunienda mbio.

Niseme wazi kwamba sijawahi kupanda ndege ya kweli. Nina shahada ya jiografia, natoa fotokopi kwenye duka moja karibu na stendi ya Msamvu, na ninaogopa vitu vingi: simu za asubuhi, ngazi zisizo na ukuta, mtu akisema "tuongee baadaye". Niliweka ile programu ili nijizoeze kutoogopa. Haikusaidia. Hata kwenye kioo cha kompyuta, magurudumu yakiachana na ardhi tumbo langu hushuka.

Lakini kujiandaa najua. Nilimpigia mjomba anayeishi na babu, nikamwomba anisomee ile tiketi, ambayo babu ameitunza kwenye kopo la majani ya chai. "Imeandikwa saa sita na dakika arobaini na tano," mjomba akasema. Nikaandika kwenye daftari: 12:45 mchana. Nikauliza ilikuwa msimu gani. Baada ya kuvuna maharage, akasema, mwezi wa sita. Nikatafuta uzito wa Dakota ikiwa na abiria ishirini na moja. Nikatafuta mwendo wake, mwinuko wake, upepo wa mwezi wa sita. Nikachora mstari kutoka Dar hadi Iringa: unapita kusini mwa vilele vya Uluguru, na Mgeta inabaki nyuma ya vilele hivyo, mkono wa kulia. Kwa hiyo dirisha lilikuwa sahihi. Nilifurahi kidogo.

Jumapili baada ya misa nikarusha.

Ile programu huongeza mawingu milimani kadiri jua linavyopanda, kama ilivyo kweli. Nilipokaribia, Uluguru yote ilikuwa imevaa blanketi jeupe. Sikuona Mgeta, sikuona hata mgongo wa mlima. Nikafikiri labda rubani wao alisogea kaskazini kidogo. Nikakata kona kulia, ndani ya wingu. Kioo kikawa cheupe. Injini zilinguruma vilevile, mishale ya vipimo haikutikisika, na mimi nilishika usukani huku jasho linanitoka kwenye viganja, nikijua kwamba mahali fulani ndani ya weupe ule kuna jiwe. Kisha weupe ukawa kijani. Miti, ghafla, mbele ya pua, miti mikubwa kiasi kwamba niliona matawi yake. Nilipiga kelele. Mama alikuja mbio kutoka uani na mwiko wa ugali mkononi.

"Nini?"

"Nimegonga mlima."

Alitazama kompyuta, akanitazama mimi. "Hebu njoo uchambue mchicha," akasema.

Niligonga mlima mara nne siku ile. Mara ya tano nikafuta mawingu yote kwa kubonyeza sehemu moja, nikapita salama, nikatazama kulia. Bonde la Mgeta lilikuwa pale, wazi kabisa. Na lote lilikuwa kwenye jua.

Hapo ndipo hofu ya kweli iliponishika. Jua la saa saba mchana liko juu sana. Halina kivuli cha kumfunika hata mbuzi. Kivuli cha mlima kulala juu ya nusu ya kijiji, saa ile, hakiwezekani. Nilifundishwa hivyo, nikaulizwa kwenye mtihani, nikafaulu. Kwa hiyo sentensi ambayo babu alikuwa akiipunguzia sauti miaka yote hiyo haikuwa kweli, na mtani wake ndiye aliyekuwa sahihi, na mimi ndiye ningemthibitishia, mbele ya mtani huyo, siku moja kabla ya kisu.

Jumatatu na Jumanne sikula vizuri. Nikiwa dukani natoa fotokopi niliufikiria mlima, nikatoa nakala arobaini za ukurasa mmoja. Ningeweza kusogeza jua. Programu inaruhusu, unalivuta tu kama pazia. Lakini babu si mtoto, angeuliza ni saa ngapi humo ndani, nami sijui kudanganya usoni mwa mtu. Ningeweza kumpigia na kumwuliza tu: babu, una uhakika? Lakini kuuliza ni kumwambia simwamini. Nikafikiria je, akijua simwamini, presha ikapanda, hospitali wakakataa kumpasua? Je, akipofuka kwa sababu yangu? Niliifuata njia hiyo mpaka mwisho wake, kama kawaida yangu, mpaka nikajiona nimesimama kwenye mazishi.

Jumatano asubuhi walishuka na lori la mboga. Babu alikuwa na koti la sufu na kofia, mtani wake amemshika kiwiko.

"Shikamoo babu. Shikamoo mzee."

"Marahaba, mchumba. Mbona nasikia sauti imekonda?"

"Mwache mtoto wa watu, Bibi Shamba," mtani akasema. "Twende tukauone huo uongo wako kwenye televisheni."

Nilikuwa nimeshaamua uongo wangu mwenyewe. Tulipofika nyumbani, mama akiwa anamimina chai, nikasema haraka, "Babu, samahani, kompyuta inasumbua. Haiwaki."

Mtani aligeuka kuelekea pembeni, ambako niliiacha ikiwaka tangu alfajiri, feni yake ikivuma. "Na hiyo inayonguruma pale ni nini? Jiko?"

Hakuna aliyecheka. Babu alikaa akiwa ameshika kikombe kwa mikono miwili. Kisha akaingiza mkono ndani ya koti, akatoa karatasi iliyofungwa kwenye mfuko wa mkate.

"Basi, kama mashine haitaki, nisomee hata tiketi. Mimi siioni tena."

Karatasi ilikuwa imegeuka rangi ya chai. Wino wa kalamu ulikuwa umefifia, ila namba zilionekana: 6.45. Nilisoma kama mjomba alivyosoma. "Kuondoka, saa sita na dakika arobaini na tano."

"Hapana," babu akasema.

"Ndivyo ilivyoandikwa, babu."

"Saa sita na dakika arobaini na tano, mchana? Tulikwenda uwanjani hata chai hatujanywa. Bwana shamba alikuwa na tochi mkononi. Ndege inainuka, jua nalo ndiyo linatoka baharini."

Mtani alipiga goti lake kwa kiganja. "Na shahada yote hiyo! Binti, hiyo ni saa ya Kizungu!"

Niliitazama ile sita. Kila siku dukani nabadilisha saa bila kufikiri: mteja akisema saa nane naandika 2:00, barua ikisema 9:00 nasema saa tatu. Mjomba alisoma namba kama alivyoiona, kwa Kiswahili. Nami nikaichukua saa ambayo tayari ilikuwa ya Kizungu nikaigeuza kana kwamba ni ya Kiswahili. Ndege iliondoka saa moja kasorobo asubuhi. Nilikagua upepo na uzito wa abiria, nikaacha kukagua saa. Na kwa kosa hilo nilimhukumu babu siku tatu nzima, kimya kimya, bila kumwuliza neno moja.

Ungedhani hofu iliondoka. Ilihama tu. Je, hata asubuhi kivuli kisipokuwepo? Maneno yalikuwa tayari mdomoni: naombeni saa moja, nijaribu kwanza peke yangu. Ningejaribu, na kisipokuwepo, ningehakikisha kompyuta inaharibika kweli.

Niliyameza. Nikaweka tiketi mapajani mwa babu.

"Babu, kompyuta ni nzima," nikasema. Mama akaacha kumimina. "Nilirusha Jumapili kwa saa isiyo yenyewe, nikakuta Mgeta yote iko juani. Nikadhani ulitudanganya. Sasa naweka saa ya kweli, sijaijaribu. Sijui tutaona nini."

Babu aliikunja tiketi, akairudisha kwenye mfuko wa mkate.

"Washa," babu akasema.

Niliandika 6:45. Nikaachia breki. Mkia wa Dakota ukainuka, na jua lilikuwa linatoka baharini nyuma yetu. Kutoka pale hadi milimani ni kama dakika arobaini, na sikuharakisha hata moja. Chai ilipoa. Viganja vililowana, nikavifuta kwenye sketi kimoja kimoja ili usukani usibaki wenyewe. Vilele vikaja, vyeusi, bila wingu, vikubwa kuliko Jumapili, na mwili wangu wote ulitaka kukata kona kushoto. Babu alisogeza kiti mpaka pua yake ikakaribia kioo. Nikaufuata mstari wangu kama ulivyo, nikageuza picha itazame dirisha la kulia.

Nyumba hazikuwepo, wala misheni, programu haizijui. Bonde tu. Sehemu ya mbali ilikuwa ya dhahabu. Sehemu ya karibu, chini ya mlima, ilikuwa nyeusi kabisa.

Macho ya babu hayakuweza kuona mti wala kijito. Lakini bado yaliweza kutenganisha mwanga na giza. Aliweka kiganja juu ya ule weusi, taratibu, kana kwamba kuna moto.

"Hapa," akasema. "Mama yangu alikuwa hapa. Bado hajapata jua."

Mtani alikohoa. "Kumbe ulikuwa macho, Bibi Shamba."

Sikugeuka kuwatazama. Nilishika usukani kwa mikono yote miwili, nikaendelea kuelekea Iringa.