Neno Boycott na Ng'ombe wa Nyanya

Wiki jana binti yangu alirudi na kazi ya Kiingereza, akaniuliza, "Baba, boycott ni nini?" Niliweka kikombe chini. Nilishangaa kwamba bado naweza kukasirika hivyo, baada ya miaka hii yote.

Mimi niliishia darasa la nane, rafiki yangu, kwa hivyo nikikosea unirekebishe. Lakini neno hilo nililijua mapema, miaka ya tisini, kwetu Bomet, wakati wakulima wadogo wa chai walikubaliana hakuna kuchuna majani mpaka bonasi iongezwe. Walikuwa na haki. Hilo nalisema wazi.

Hata nyanya yangu, mjane niliyekuwa naishi naye, alikubaliana nao. Lakini chai isipochunwa inapanda ovyo kama kichaka, na yeye alitaka yake ikae sawa juu, kama meza. Basi kila asubuhi alibeba kikapu, akachuna, akamwaga majani chini ya miti yaoze. Hata jani moja halikufika kituoni kuuzwa. Ukiwa barabarani, ni kweli, ungeona kikapu tu. Jirani yetu aliona kikapu, na hakuja kuuliza; aliwaambia watu tu kwamba tunauza.

Kuanzia hapo hakuna aliyetusalimia. Dukani chumvi ilikuwa inaisha tukifika. Shuleni mwalimu wa Kiingereza alitueleza kwamba kitenzi boycott, yaani kumsusia mtu, kilitoka kwa jina la mtu, msimamizi wa mashamba ya tajiri huko Ireland zamani. Alitaka kuwafukuza wapangaji, nao watu wakakataa kumvunia, wenye maduka wakakataa kumuuzia. Nyuma yangu mmoja akasema, "Kumbe ni kama kogo yake!" Kogo kwetu ni nyanya. Darasa likacheka. Mwalimu pia alicheka, ingawa kidogo.

Halafu ng'ombe wetu akashindwa kuzaa. Ndama alikuwa amekaa vibaya tumboni, na jirani ndiye aliyejua kugeuza ndama. Nyanya alisimama kwa ua akaita.

"Mwanangu, nakuomba. Pita shambani kwanza, uone majani yamelala chini ya miti."

Jirani hakuinuka kwenye kiti. "Kogo, si uambie hao unawauzia majani wakuje wamgeuze?"

Wanaume waliokaa naye wakacheka sana. Kufikia saa sita mchana ng'ombe alikuwa amekufa, na ndama ndani yake.

Nimejaribu kuwa mwadilifu kwa yule mtu. Labda aliogopa kutengwa naye pia. Labda. Lakini neno hilo wanyonge walilitumia kumzuia mkubwa, na sisi tukalichukua tukampiga nalo mjane, bila hata mtu mmoja kuvuka ua kuangalia.

Baadaye majirani waliyaona majani, meusi, yakioza chini ya miti. Hakuna aliyesema pole. Siku hizi ndama akikwama tunampigia simu daktari wa mifugo, na anakuja haraka. Siwezi kusema ni vibaya. Lakini zamani, kabla hujamaliza kuita, jirani alikuwa ameshafika zizini, amekunja mikono ya shati, anaulizia sabuni.