Bakuli la Bi Hadda

Kila asubuhi, kabla hata hajanywa chai, marehemu Bi Hadda alilielekeza bakuli lake la shaba juani, akafumba jicho moja, akachungulia kwenye kitundu kilichotobolewa kitakoni mwake. Akiona punje ya mchanga, aliipuliza. Kisha alimwambia mjukuu wake Tuda, siku alizokuwapo, "Haya, limeamka," wakateremka pamoja hadi mferejini.

Bakuli hilo ndilo lililokuwa saa ya mashamba yote ya mitende. Hadda aliliweka likielea ndani ya beseni. Maji yakapanda polepole kupitia kitundu, likajaa, likazama. Kuzama mara moja ndiyo zamu moja. Hapo alifunga fundo kwenye ukuti wa mtende na kupaza sauti, "Faraji, maji yako!" Faraji akafungua kwake kwa jembe, na aliyekuwa akimwagilia akaziba kwake huku akinung'unika.

Kazi hiyo ilikuwa ya mumewe. Alipofariki, wanaume waliketi kujadili nani amrithi, wakamaliza birika tatu za chai. Walipotoka walimkuta mjane mwenyewe mferejini, ukuti wake una mafundo mawili tayari.

"Endeleeni tu na kikao," aliwaambia. "Ila maji hayajui kusubiri."

Wakatazamana, wakaenda mashambani. Hadda akakaa pale miaka thelathini na mmoja. Hakujua kusoma hata herufi moja, lakini zamu za koo zote zilikuwa kichwani mwake, pamoja na ugomvi wa kila ukoo. Alipenda tumbaku ya kunusa na mbuzi watundu. Kilichomshinda ni kunyamaza.

Kiangazi kimoja cha ukame, Tuda alirudi likizo kutoka chuo kikuu, akawa anakaa kando ya bibi yake na kitabu mapajani. Mfereji ulikuwa umekonda, maji yakiishia kwenye kifundo cha mguu. Wanawake walikuja kuosha sufu na kuondoka bila hata kuchokozana. Siku moja Hadda akawatazama, akavuta tumbaku, akapiga chafya.

"Nyie, mmefiwa? Njooni niwasimulie nilivyoolewa."

"Tumeisikia, Bi Hadda," alisema mmoja.

"Hamjaisikia ya nyumbu."

Wakasogea. Akawaeleza jinsi alivyopandishwa nyumbu, kajifunika gubigubi, kaapishwa kwamba bibi harusi hasemi neno njiani. Kufika kwenye mfereji huuhuu, nyumbu akainama kunywa na akagoma kuondoka. Shangazi akamsukuma, bwana harusi akambembeleza, wapiga ngoma wakampigia ngoma masikioni. Wapi!

"Jua linanichoma, jasho linanitiririka mpaka kwenye hina. Nikafunua shela, nikamwambia: We mpumbavu, umekuja kunywa au kuoa?"

Wanawake wakaangua kicheko. Mmoja alijitupa juu ya sufu yake, mwingine alilia machozi.

"Nyumbu akaondoka mbio! Mama mkwe akajishika kichwa, akasema, ole wetu, tumeoa mdomo!"

Hapo ndipo Tuda alipotazama beseni. Bakuli lilikuwa chini kabisa, limetulia. Akainua macho akitaka kusema, akaona bibi yake naye anatazama palepale. Kisha Hadda akawageukia wanawake na kuendelea, akiigiza mwendo wa mama mkwe.

Kicheko kilikatizwa na Faraji, aliyekuja jembe begani.

"Bi Hadda! Bakuli limezama au limefariki? Nangoja mpaka vitunguu vimenizeekea, na Bassu huko anaogelea!"

Zamu iliyopitiliza ilikuwa ya Bassu, na hapo pakawa na maneno. Kijiji kizima kilijua kwamba Bassu aliwahi kumposa Hadda, zamani, kabla ya nyumbu. Jioni hiyohiyo wazee wakakutana uwanja wa kupuria ngano.

"Mapenzi ya kale hayafi," Faraji alisema. "Yananyweshwa maji yangu."

"Mapenzi gani, na meno yenyewe tunayo manne kwa jumla?" Hadda alijibu, na hata Bassu akacheka. Kisha Hadda akaliweka bakuli chini mbele ya wazee. "Naapa kwa mkate nilao, si kwa ajili ya Bassu. Bakuli lilizama, fundo sikulifunga. Kosa ni langu. Mkiona sifai tena, hili hapa."

Tuda alikaa nyuma. Aliona kwamba bibi hakusema amesahau. Naye alijua alichokiona.

Wazee waliamua kama desturi inavyotaka: mshika bakuli akikosea, analipa kwa maji yake mwenyewe. Hadda alimpa Faraji zamu zake mbili. Bakuli akarudishiwa kwa tofauti ya kura moja tu. Mnanaa wake ulikauka, majani ya mbuzi yakawa vumbi, na mbuzi wake wawili ikabidi wakakae kwa dada yake ng'ambo ya bonde mpaka vuli. Hakulalamika, isipokuwa kuhusu chai isiyo na mnanaa, ambayo aliilalamikia kila siku.

Miaka mitatu Tuda alilibeba swali la siku ile. Alikuwa mtu wa kuuliza vitabu kuliko watu. Katika mwaka wa mwisho wa maisha ya bibi yake, walipokuwa darini wakichambua tende, wawili tu, hatimaye likamtoka.

"Bibi, siku ile uliliona bakuli. Kwa nini hukuita?"

Hadda alitupa tende mbovu pembeni, akachukua nyingine.

"Nililiona," alisema. "Lakini wale wanawake walikuwa hawajacheka tangu kiangazi kianze. Sikutaka kuwakatiza."